Unyoya wa Jogoo na Chambo cha Trauti

Mito ya Dar es Salaam, kama vile Msimbazi, Kizinga na Mpiji, haina trauti wala haiwezi kuwa naye. Asili ya samaki huyu ni nchi za baridi. Maji yakizidi joto la nyuzi 20 za Selsiasi hudhoofika, na yakikaribia nyuzi 25 aghalabu hufa. Sababu moja ni hewa. Lita ya maji yenye joto la nyuzi 10 huweza kushika kiasi cha miligramu 11 za oksijeni. Joto likifika nyuzi 28 kiasi hicho hushuka hadi karibu miligramu 8. Ndiyo maana trauti walioletwa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni walitiwa katika vijito vya milimani tu. Nchini Kenya, Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskochi mwaka 1905, na samaki wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Tanzania nayo ilipata wa kwake katika vijito vya Kilimanjaro na vya nyanda za juu za Mbeya.

Hata hivyo, mtu atakaye kumvua trauti kwa chambo cha manyoya huweza kupata sehemu kubwa ya vifaa vyake mahali ambapo samaki mwenyewe hawezi kuishi: penye matenga ya kuku ya Tandika, wilayani Temeke, au kwenye soko la kuku la Shekilango, katika eneo lililokuwa la Kinondoni kabla ya Ubungo kufanywa wilaya. Kila siku manyoya mengi hunyonyolewa huko na kutupwa pamoja na taka. Mengi kati yake hayafai kwa kazi hii. Machache yanafaa sana. Somo hili lahusu tofauti iliyopo baina ya hayo mengi na hayo machache, kwani katika tofauti hiyo mwanafunzi atakutana na fizikia, kemia na elimu ya viumbe kwa pamoja.

Chambo cha manyoya ni ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya hata ikafanana na mdudu. Trauti hula wadudu wengi, na baadhi yao huwaokota juu ya maji. Kwa hiyo wavuvi hutumia chambo cha namna mbili: kile kieleacho, mfano wa mdudu aliyetua juu ya maji, na kile kizamacho, mfano wa mdudu aliye ndani ya maji. Nchini Kenya ufungaji wa vyambo hivi umekuwa kazi ya mikono kwa miongo mingi, na vyambo vyenyewe husafirishwa kwenda Ulaya na Marekani. Mfungaji humshika unyoya kwa koleo dogo, akauzungusha kwenye shingo ya ndoana mara kadhaa, na nyuzi za unyoya zikasimama pande zote kama miiba ya nungu. Miiba hiyo ndiyo miguu ya mdudu, nayo ndiyo inayokiweka chambo juu ya maji.

Unyoya ulivyoundwa

Mwalimu na awape wanafunzi wake unyoya mmoja wa bawa la kuku, na lenzi ya mkononi ikiwapo. Katikati pana uti mgumu. Kila upande wa uti zimeota nyuzi nyingi zilizolala sambamba. Nyuzi hizo nazo zina vinyuzi vidogo zaidi, na baadhi ya vinyuzi vina vikulabu visivyoonekana kwa macho. Vikulabu hushikana na vinyuzi vya uzi wa jirani, hata unyoya wote ukawa kama kitambaa kimoja. Mwanafunzi akiupasua unyoya kwa kidole, kisha akaupitisha tena baina ya vidole viwili toka shinani kuelekea nchani, ataona umejifunga upya. Ndivyo ndege afanyavyo kwa mdomo wake kila siku.

Unyoya mzima umejengwa kwa keratini, ambayo ni protini. Unyoya uliokomaa hauna damu wala uhai. Umekwisha kuwa kitu kikavu kama ukucha. Uhai uko chini, katika kifuko kidogo kilichomo ndani ya ngozi, ambamo chembe hugawanyika na kusukuma unyoya kwenda juu. Ncha hutoka kwanza, shina hutoka mwisho. Jambo hili litatufaa hapo mbele.

Sasa mwanafunzi na achukue unyoya wa shingo ya jogoo mzima aliyekwisha kuota vipi, autazame mbele ya mwanga. Ataona kwamba sehemu ya karibu na shina ni laini na yenye ukungu, lakini pembeni na kuelekea nchani nyuzi zimesimama mojamoja, ziking'aa, hazikushikana. Huku vinyuzi vimepungua mno. Akichukua unyoya wa shingo ya mtetea ataona ncha yake ni butu, na ule ukungu umepanda karibu hadi juu. Kwa mfungaji wa chambo tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Chambo kieleacho hufungwa kwa unyoya wa jogoo. Ule wa mtetea hulowa upesi, ukalala na kuchezacheza ndani ya maji, nao hufaa kwa chambo kizamacho.

Kwa nini kielee?

Ndoana ni chuma, na chuma ni kizito kuliko maji. Chambo hakielei kama ngalawa inavyoelea. Kinashikwa na ngozi ya maji, yaani ule mvutano wa uso wa maji ambao huwezesha sindano iliyolazwa polepole isizame katika bakuli.

Hesabu yake ni fupi. Tuchukue chambo chenye uzito wa gramu 0.05. Kani ya uzito wake ni nyutoni 0.00049. Maji ya kijito cha mlimani yenye joto la nyuzi 10 yana mvutano wa uso wa nyutoni 0.074 kwa kila mita. Uzi wa unyoya uliolala juu ya maji hushikwa kwa pande zake mbili, kwa hiyo kwa wingi kabisa hubebwa na nyutoni 0.148 kwa kila mita ya urefu wake. Tukigawanya 0.00049 kwa 0.148 tunapata mita 0.0033, yaani milimita tatu na kidogo. Mwanafunzi atashangaa: milimita tatu tu za uzi mmoja zaweza kukibeba chambo kizima!

Lakini hiyo ni hesabu ya hali iliyo bora kupita zote. Katika chambo halisi nyuzi hugusa maji kwa ncha na kwa vipande vifupi, mawimbi huzisukuma, na mvuvi huuvuta mshipi. Ndiyo sababu huhitajiwa makumi ya nyuzi, tena ngumu, zisizopinda chini ya mzigo. Vinyuzi vikiwa vingi, hufanya kazi ya utambi wa kibatari: kama vile utambi upandishavyo mafuta ya taa, vinyuzi vilivyovurugika hunyonya maji baina yao, na hewa ikatoka. Chambo kikisha kulowa hivyo, ngozi ya maji haina tena cha kushika.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona bata ana manyoya yenye vinyuzi tele, wala halowi? Swali ni zuri. Mwaka 1944 Cassie na Baxter walieleza kwamba siri ya unyoya wa bata haimo katika mafuta peke yake bali katika mpangilio. Nyuzi na vinyuzi vya bata vimepangwa kwa nafasi ndogo zilizo sawa, na tone la maji hukaa juu ya nyuzi na hewa iliyonaswa katikati yake, lisiweze kupenya. Mpangilio ukivurugwa, kinga hupungua. Unyoya wa kuku uliozungushwa kwenye ndoana umepoteza mpangilio wake, na hapo vinyuzi hugeuka kutoka ngao kuwa utambi.

Hata hivyo bata ana manyoya yake yafaayo. Juu ya mkia wake ipo tezi ya mafuta, na kuizunguka yapo manyoya madogo, mepesi, yenye nyuzi zilizosokotana, ambazo hunasa vipovu vya hewa. Wavuvi wa milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, wamekuwa wakiyatumia kwa chambo kieleacho tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Bata wafugwao uani huko Mbagala au Mwananyamala wana tezi hiyo hiyo.

Jogoo na homoni

Watu wengi hudhani kwamba jogoo ana manyoya marefu yang'aayo kwa sababu ya homoni ya kiume. Ushahidi wasema vingine. Jogoo aliyehasiwa angali pora hupungukiwa na upanga, huacha kuwika na hupoa tabia, lakini manyoya yake hubaki ya kijogoo. Kwa upande mwingine, kuku jike ambaye ovari yake imeharibiwa na ugonjwa, anapobadilisha manyoya, huota yaliyo kama ya jogoo. Wengine hata huwika, na katika mitaa yetu kuku wa namna hiyo huonwa kuwa ni nuksi na huchinjwa upesi. Maskini ndege huyo hana uchawi wowote. Amekosa estrojeni. Kwa kuku, unyoya wa kijogoo ndio unaoota pasipo amri nyingine. Estrojeni ndiyo inayoamuru unyoya uwe mfupi, wenye ncha ya mviringo na vinyuzi vingi.

Uthibitisho mzuri ulitoka kwa kuku wadogo waitwao Sebright, ambao majogoo wao wana manyoya kama ya mitetea. Mwaka 1919 Thomas Hunt Morgan wa Marekani alichapisha majaribio yake: majogoo hao walipohasiwa, waliota manyoya ya kijogoo. Ilikuwa kinyume cha matazamio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walieleza sababu. Ngozi ya Sebright ina kwa wingi kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huigeuza homoni ya kiume kuwa estrojeni papo hapo ngozini. Baadaye ilionekana kuwa kipande cha DNA chenye asili ya virusi kimejipenyeza karibu na jeni ya kimeng'enya hicho, kikaiwasha mahali isipotakiwa kuwaka.

Kuchagua sokoni

Kutokana na maelezo haya mwanafunzi aweza kuona mwenyewe ni kwa nini gunia zima la manyoya kutoka kwa mchinjaji wa kuku wa nyama halina hata unyoya mmoja wa chambo kieleacho. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Wakati huo angali na manyoya ya utoto. Jike na dume karibu hawatofautiani. Manyoya ya shingo ya jogoo huhitaji miezi mitano, sita au zaidi ili yakamilike, na yaliyo bora ni ya ndege wa kiasi cha mwaka mmoja. Ufugaji wa mijini umeelekea kwenye kuku wa muda mfupi, na una sababu njema: mlaji ataka nyama ya bei nafuu, na mfugaji ataka fedha yake irudi kabla chakula cha kuku hakijapanda bei. Lakini unyoya haununuliwi kwa chakula tu. Hununuliwa kwa muda. Muda huo sasa umebaki kwa jimbi wa kienyeji, yule aletwaye katika matenga toka Singida, Dodoma na kwingineko bara, ambaye huishia katika supu.

Yule atakaye manyoya hana budi kuyaomba kabla kuku hajatumbukizwa katika maji ya moto. Maji hayo hulegeza ngozi ili unyoya ung'oke, na vijana wafanyao kazi ya kunyonyoa huyatumia kwa haki kabisa, lakini manyoya hutoka yakiwa yameshikana, yamechafuka damu na mavi, na yamechanganyika ya ndege kumi. Heri kuyang'oa makavu, mara tu baada ya kuchinja, kutoka shingoni na kiunoni, na kuyaweka ya kila ndege peke yake.

Si kila jogoo wa kienyeji anafaa. Kuku aitwaye kishingo hana manyoya shingoni, jambo limfaalo sana katika joto la pwani, lakini humwacha mfungaji na manyoya ya kiunoni tu. Kidimu ana manyoya yaliyojikunja kuelekea nyuma kutokana na badiliko katika jeni mojawapo ya keratini, lililotambuliwa mwaka 2012. Unyoya wake haukubali kuzungushwa ukakaa sawa. Kuchi, yule kuku mrefu mwenye fujo, ambaye uchunguzi wa DNA umeonyesha ukaribu wake na kuku wa kupigana wa Japani, ana manyoya machache yaliyo magumu, yastahili kujaribiwa. Kuhusu rangi, nyekundu, nyeusi na jivujivu zote hutumika. Ile ya mistari myeupe na myeusi hutafutwa kuliko zote, kwani ikizungushwa huonekana kama miguu inayotikisika.

Inapasa kusema kweli hapa. Jogoo wa Temeke hatashindana na jogoo wa Colorado. Huko Marekani wapo kuku waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya manyoya tu. Tom Whiting, mtaalamu wa jenetiki ya kuku, alianza shamba lake katika mji wa Delta mwaka 1989 akitumia kizazi kilichokwisha kuteuliwa na wafugaji waliomtangulia. Unyoya mmoja wa kiuno cha ndege hao ni mrefu kiasi cha kufunga vyambo kadhaa, na nyuzi zake ni fupi na zenye urefu ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2011 wanawake wa Marekani walipoanza kuyapachika kwenye nywele kama pambo, bei yake ilipanda ghafla na wavuvi wakalalamika sana. Unyoya wa jimbi wa kienyeji hutoa chambo kimoja, pengine huhitajiwa mawili, na nyuzi zake aghalabu ni ndefu, zikafaa kwa ndoana kubwa kuliko ndogo. Kwa chambo kizamacho, hata hivyo, unyoya wa mtetea wa Tandika haupungukiwi na kitu.

Kadhalika yule kanga afugwaye. Madoa meupe ya manyoya yake yaligawanyika kwenye nyuzi hufanana na miguu ya mdudu yenye pingili. Tausi naye hutoa nyuzi ndefu za mkiani zing'aazo kijani na shaba, ambazo huzungushwa kufanya kiwiliwili cha mdudu. Tanzania ina tausi wa kufugwa, hasa katika viwanja vya Ikulu. Mwaka 2020 Rais John Magufuli aliwagawia marais wastaafu baadhi yao. Manyoya ya mkia wa tausi huanguka yenyewe kila mwaka, basi hakuna haja ya kumdhuru ndege. Rangi yake si ya kupakwa: vijiti vidogo sana vya melanini vimepangwa ndani ya vinyuzi, na mpangilio huo ndio unaorudisha baadhi ya mawimbi ya mwanga na kuyaacha mengine. Uzi wa tausi ukisagwa kabisa, hubaki vumbi la kahawia.

Ndege wa porini ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, unyoya wa ndege wa porini umo katika nyara, na kuumiliki bila kibali ni kosa. Tamaa ya manyoya adimu imekwisha kuleta hasara kubwa kwa sayansi. Usiku mmoja wa Juni 2009, kijana mmoja mwanamuziki aliyekuwa akisoma London aliingia katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege kwa ajili ya vyambo vya mapambo vya samaki aina ya salmoni. Nyingine zilikuwa zimekusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya kumi na tisa. Nyingi zilipatikana, lakini baadhi zilikuwa zimekwisha kung'olewa vibandiko vyao. Ngozi isiyo na tarehe wala mahali haimwambii mtafiti lolote kuhusu wakati ule ndege alipoishi.

Kusafisha, na kusoma unyoya

Manyoya yasichukuliwe kamwe kutoka kwa kuku aliyejifia. Mdondo huua kuku wengi, na mtu aweza kuubeba ugonjwa huo kwa mikono na nguo zake hadi banda la jirani. Mafua ya ndege ni hatari kwa mtu mwenyewe. Hata kunguru aliyekufa barabarani, japo kunguru wamejaa jijini kupita kiasi, aachwe alivyo. Manyoya ya kuku mzima yaoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, yasuuzwe mara mbili au tatu, yaanikwe kivulini penye upepo, kisha yafungwe katika mfuko na kuwekwa ndani ya friza kwa siku kadhaa ili utitiri na mayai ya nondo vife. Mwenye kuyafanyia kazi anawe mikono. Yule atakaye kuyauza nje ya nchi ajue kwamba yatadaiwa hati za daktari wa mifugo.

Kila mfuko uandikwe: jogoo au mtetea, umri uliokadiriwa, alikotoka, na tarehe. Si kwa ajili ya soko pekee. Tulisema kuwa ncha ya unyoya hutoka kwanza na shina mwisho. Maana yake unyoya ni kama kitabu cha siku. Kuku akishinda njaa, au akiugua wakati unyoya unakua, sehemu iliyoota siku hizo hutokea dhaifu, nayo huonekana mbele ya mwanga kama mstari mwembamba uliokata uti na nyuzi kwa mkingamo. Mfungaji wa chambo huuchukia mstari huo, kwa kuwa unyoya hukatika hapo hapo anapouvuta. Mwanafunzi na aupende. Darasa lenye manyoya ya majogoo ishirini, nusu wa kujitafutia uani na nusu wa kulishwa bandani, laweza kuhesabu mistari hiyo katika kila unyoya, likapima ilipo toka nchani, na kulinganisha makundi mawili hayo.

Kwa jaribio la pili pahitajika bakuli, saa, maji na pini kumi zilizo sawa. Tano zifungwe kwa unyoya wa shingo ya jogoo, tano kwa ule wa mtetea, mizunguko minne kila moja. Zilazwe juu ya maji, na muda wa kuzama kwa kila pini uandikwe. Kisha litiwe tone moja la sabuni ya maji, na jaribio lirudiwe kwa manyoya makavu. Kabla ya kutia sabuni, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari lake anachotazamia kuona na sababu yake, akitumia ile hesabu ya milimita tatu, na aeleze ni tarakimu ipi kati ya zile zilizotumika ambayo sabuni imeibadilisha.